Wageni wa Miguu ya Nyaruai

Nyaruai binti Gachanja aliuza viatu vya mtumba Kitale, na kazi hiyo ilimpa tabia ambayo wasiomjua waliiona dharau: alikutazama miguu kabla hajakutazama uso. Haikuwa dharau, alikuwa anakupima. Mteja akisimama mbele ya meza yake na kusema anavaa saba, Nyaruai alimpa nane bila ubishi, na mteja akishaivaa alinyamaza. Watu hudanganya kuhusu umri na kuhusu mshahara, lakini yeye alishikilia kwamba uongo mkubwa zaidi katika kaunti nzima ya Trans-Nzoia ni ule wa saizi ya viatu.

Basi iwazie aibu yake mimba ilipofika mwezi wa saba, naye akawa mtu wa pekee pale sokoni asiye na kiatu. Viatu alikuwa navyo lundo zima. Alijaribu vya kamera, vile vizuri ambavyo huchaguliwa kwanza bero la mtumba likifunguliwa, vikakataa. Akajaribu raba za wanaume, nazo zikakataa. Mwisho akaishia kwenye ndara kuukuu za mumewe, Wabwile, ambazo ukanda wake ulikuwa umefungwa kwa waya. Wateja wakaanza kumtazama yeye miguu. Mama mmoja aliuliza kwa upole wa kuudhi, "Si wewe ndiye muuza viatu? Na hizo?" Nyaruai akamjibu kwamba mganga hajigangi, kisha akampandishia bei.

Kliniki ilikuwa mambo mengine. Nesi Chelangat alibonyeza kidole gumba juu ya kifundo cha mguu, akakiondoa, na shimo likabaki pale pale kama kwenye donge la unga wa mandazi. Akampima presha, akapima tena.

"Miguu kufura wakati huu ni kawaida, usikose usingizi," alisema. "Mkojo pia uko sawa. Presha ndiyo sipendi. Haijapanda sana, lakini inachungulia mlangoni. Uende nyumbani upumzike. Ukilala, lalia ubavu wa kushoto. Ukipumzisha miguu, iweke juu, juu kabisa ipite kifua, si kwa kistuli. Maji kunywa. Chumvi punguza. Tembea kidogo kidogo, lakini kusimama sokoni siku mzima achana nako. Na dawa ya kienyeji, hata kama ni ya nyanya yako, kwanza uniulize."

"Na isiposhuka?"

"Wiki ijayo nikipata imepanda, nitakulaza hapa. Na kichwa kikiuma sana, macho yakiona ukungu, ama uso na mikono ianze kufura, usingoje hiyo wiki. Kuja siku hiyo hiyo."

Nyaruai aliitikia kila neno kama mtoto wa shule, kwa sababu alikuwa anaogopa. Mimba yake ya kwanza ilifika miezi hii hii. Wakati ule pia miguu ilivimba, na watu wote walimwambia ni dalili ya mtoto wa kiume, avumilie, naye akavumilia huku akibeba magunia ya viatu, mpaka akajifungua kitoto ambacho hakikulia. Kilizikwa Kamukuywa, kwa wazazi wa Wabwile. Hakumbuki aliyeomba wala walichoimba. Anachokumbuka ni viatu vya baba mkwe wake, Mzee Khisa, vilivyokuwa vimejaa udongo mpaka kwenye kamba, na mzee yule hakuwa mtu wa viatu vichafu. Hii ya pili hakutaka kuipoteza. Hakutaka jambo lingine lolote duniani.

Sasa hebu tumlaumu Wabwile kidogo, maana amestahili. Wabwile alikuwa fundi wa kinu cha kusaga mahindi, mtu wa kelele za mashine, na hata kwenye simu alizungumza kwa kupiga kelele. Jioni hiyo alimpigia mamake huko Kamukuywa akatangaza, "Mama, daktari amesema Nyaruai apumzike kabisa!" Ploti yote waliyopanga mtaani Matisi ilisikia. Nyaruai naye, asije akaonekana anawaficha watu wake, akampigia mamake mzazi, Kui, huko Ndalu, akasema maneno hayo hayo kwa sauti ya kawaida.

Kumbe kwao Wabwile, na hata kwao Nyaruai, kupumzika si kazi ya mtu mwenye afya. Aliyeambiwa apumzike ni mgonjwa. Mgonjwa haachwi peke yake, huenda watu wakamwona. Anayekuja kumwona ametoka mbali, aliyetoka mbali ni mgeni, na mgeni hafukuzwi na maji matupu. Ufuate mstari huo mpaka mwisho wake, utafika jikoni, na humo utamkuta mgonjwa mwenyewe anachochea moto. Waliosema mgeni njoo mwenyeji apone, sijui walikuwa wanamzungumzia mwenyeji gani.

Kui aliwasili kesho yake asubuhi na beseni jipya la plastiki, pakiti ya chumvi, na fungu la thabai, ule upupu ambao Wakikuyu huuchemsha na kuuamini kuliko hospitali. "Maji vuguvugu, chumvi kidogo, unatumbukiza miguu," alieleza. "Mimi nikiwa na mimba yako nilifanya hivyo, na nilikuwa nalima." Alikuwa bado anatafuta pa kuweka beseni wakati Nasike, mama mkwe, alipobisha hodi na kikapu, kuku hai, na sufuria ya mboga za majani ya maboga aliyoipakata kutoka Kamukuywa.

"Nesi amenikataza chumvi, Mama," Nyaruai alisema aliponusa ile sufuria.

"Lakini hii si chumvi, mwanangu," Nasike alisema, akashangaa hata. "Hii ni munyu. Ni maji ya majivu ya maganda ya maharagwe tu. Chumvi ni ya dukani."

Wakaketi kina mama wawili, mmoja kila upande wa sebule, wakatazamana kwa heshima kubwa. Hapo ndipo palipotokea jambo ambalo ni wakwe tu wanaoweza kulipanga bila kulizungumza. Kui asingeshika sufuria mbele ya Nasike, isije ikasemwa bintiye hakufunzwa kazi. Nasike naye asingeshika mwiko mbele ya Kui, isije ikasemwa amemnyang'anya mke wa mwanawe jiko lake. Kila mmoja alimwachia mwenzake nafasi. Walisisitiza kwa sauti moja kwamba Nyaruai apumzike, na walipokwisha kusisitiza wakamtazama. Nyaruai akanyanyuka, akafunga leso, akapika chai, akasonga ugali, akakaanga mayai. Mboga za munyu aliwapa wageni. Waliziramba, kisha wakaonja mayai, wakasema kweli amepunguza chumvi, anaendelea vizuri.

Walipoondoka jioni, miguu ilikuwa imejaa mpaka kwenye ndara za Wabwile, na ukanda ule wa waya umeacha alama. Alitumbukiza miguu kwenye beseni la mamake, akaona raha ya ajabu, na raha hiyo ilidumu mpaka jirani alipobisha hodi kuuliza kama ni kweli mgonjwa ana wageni wengi.

Siku zilizofuata zilikuwa hivyo hivyo. Kikundi cha akina mama wa kanisa kilikuja kuomba, na maombi hukausha koo. Binamu za Gachanja walipita kutoka sokoni. Wabwile alirudi kutoka kinuni akiwa mweupe kwa unga, akakuta nyumba imejaa, akafurahi. "Watu wanakupenda, bana," alimwambia mkewe. Kila mgeni alimtazama usoni, akamwambia amenawiri, ngozi inang'aa, huyo ni msichana, hapana huyo ni mvulana. Kila mmoja aliacha ushauri: asikunje miguu akikaa, ale ndizi, asile ndizi, atembee, asitembee. Thabai alizikausha juu ya kabati akingoja kumuuliza Chelangat. Na kila asubuhi, kabla ya yote, aliizungusha pete yake ya ndoa kidoleni. Ikizunguka, alijua mikono haijavimba, akashukuru Mungu na kwenda kuwasha jiko.

Jentrix alikuja na kabichi. Huyu ni mke wa kaka mkubwa wa Wabwile, mwanamke wa maamuzi, na alikuja akiwa ameongoza wake wengine wa ukoo, wote wamevaa nguo za kutoka. Alimkalisha Nyaruai kitini, akambandika majani ya kabichi miguuni, akayafunga kwa vitambaa. "Inanyonya maji yote," alisema. "Usiguse mpaka yanyauke." Majani yalikuwa ya baridi na kwa kweli yalimtuliza. Yalimtuliza kwa muda wa kutosha Jentrix kugundua kwamba nyumba haina mboga ya wageni. Nusu ya kabichi iliyobaki ikakatwa, na Nyaruai, nusu yake nyingine ikiwa miguuni, akaikaanga.

Asubuhi hiyo hakuwa ameizungusha pete. Aliogopa jibu lake.

Walikuwa wanakula wakati kikohozi kilipolia nje, kikohozi cha mtu anayewapa watu nafasi ya kujitengeneza. Alikuwa Mzee Khisa. Jentrix na wenzake waliacha sahani wakapotelea uani kwa mlango wa nyuma, kwa maana wote walikuwa wake wa wanawe na wa wana wa ndugu zake, na kwa Wabukusu baba mkwe na mke wa mwana hawakai wakitazamana. Hawashikani mikono. Hawaangaliani usoni. Mke akipita mbele yake hupita kwa mbali, na kukaa mbele yake ukiwa umenyoosha miguu, achilia mbali kuiinua juu, ni jambo ambalo hata Jentrix asingelithubutu.

Nyaruai hakuwa Mbukusu, lakini alikuwa ameolewa huko na alijua kushika adabu. Tangu aolewe alimjua mzee huyo kuanzia magotini kushuka chini. Alikuwa afisa wa kilimo mstaafu, na viatu vyake vilikuwa vya kahawia, saizi tisa, vimepigwa rangi mpaka kwenye soli, kisigino cha kulia kimelika upande wa nje. Sura yake angeweza kuipita barabarani asiitambue.

Kuja kwa baba mkwe hakulingani na kuja kwa mtu mwingine. Lazima achinjiwe kuku, na lazima kuku huyo apikwe na mke wa nyumba mwenyewe. Kuku akipikwa na mwingine, ni kama kusema hukumtaka mgeni. Firigisi isipoonekana kwenye sahani yake, kesi hiyo itafika Kamukuywa kabla yake. Nyaruai aliyajua hayo yote alipochukua birika na beseni kumnawisha mikono. Alitembea polepole, akasimama mbele yake, akainamisha macho kwenye vile viatu vya kahawia.

Mzee naye alikuwa ameinamisha macho. Hakutoa mikono. Maji yakasubiri birikani.

"Hii si miguu yako," alisema.

Nyaruai nusura aangushe birika. Mzee huyo hakuwahi kumwambia zaidi ya salamu.

"Mimi uso wako sijauangalia, mwanangu, na sitaanza leo," Mzee Khisa aliendelea, akiziambia zile ndara. "Lakini miguu yako naijua. Tangu uje kwetu ndiyo naona. Ni miembamba, na kidole cha pili kimepita kikubwa. Hii umeazima wapi? Na hili jani ni la nini?"

Watu wote hao, akina mama wa kanisa na binamu na wakwe, walikuwa wamemtazama usoni wakasema amenawiri. Nyaruai akaanza kulia akiwa amesimama, bila sauti. Akamweleza kuhusu presha, na kuhusu wiki moja aliyopewa, na kwamba nesi alitaka miguu iwe juu kupita kifua. Hakumweleza kuhusu mtoto wa kwanza. Haikuhitajika.

"Juu kupita kifua," mzee alirudia. "Na ni nani amekuzuia?"

Swali hilo halikuwa na jibu ambalo mke wa mwana anaweza kulitamka. Nyaruai aliweka birika chini. Uani vikombe vilisikika vikipangwa na wanawake waliokuwa wanasikiliza. Mzee Khisa alitazama sahani za kabichi mezani, akatazama birika, akatazama tena miguu.

"Basi ni sisi," alisema.

Akasimama, akabeba kile kiti alichokuwa amekalia, akakitoa nje na kukiweka katikati ya mlango. Akaketi, mgongo ndani, uso kwenye lango la ploti, fimbo magotini.

"Funga pazia," alisema bila kugeuka. "Weka miguu pale daktari alisema. Nikiwa hapa hakuna mke wa kwetu atapita. Hao wengine nitawasalimia."

"Na kuku, Baba?"

"Kuku ana haraka ya kwenda wapi? Wabwile akitoka kazini atampika."

Jentrix na wenzake walitoka kwa kichochoro cha nyuma, wamejitanda leso mpaka puani, na habari kwamba Wabwile atapika kuku iliwatangulia stendi.

Nyaruai alilala chini kwenye mkeka, akaegemeza miguu juu ya bero la viatu ambalo halijafunguliwa. Viatu vilikataa kumwingia, sasa vikambeba. Alilala hivyo mpaka akahisi damu ikirudi taratibu, miguu ikawa myepesi na yenye kuwashwawashwa, kisha akageukia ubavu wa kushoto. Hapo ndipo alipoipata nguvu ya kuigusa pete. Ikazunguka. Akalala usingizi mchana wa saa nane, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu utoto.

Mzee Khisa hakulala kwa mwanawe, kwa kuwa baba halali nyumbani kwa mwanawe. Alilala kwa mzee wa kanisa hapo hapo Matisi, na kila asubuhi alikuja amevaa tai shingoni, akaketi mlangoni. Wake wa ukoo waliishia langoni. Wengine aliwasalimia, na salamu zake zilikuwa dawa ya kila mgeni. Alimuuliza mtu ukoo wake, kisha wa babake, kisha wa mamake, kisha hali ya mbolea, kisha kama wamechimba mitaro ya kuzuia mmomonyoko. Mgeni akifika kwenye mitaro huwa amekumbuka ana safari. Kui alipokuja na beseni la pili alizungumza naye juu ya bei ya mahindi mpaka jua likapinduka, akarudi Ndalu akisifu jinsi alivyopokewa, na hata tone la maji hakuwa amelionja. Nasike ndiye pekee aliyekuwa na haki ya kupita. Mumewe alimwekea kiti cha pili ubavuni mwake, akaketi, na wapita njia walisema wale wazee wamerudia uchumba.

Wabwile alipika. Mamake alimtazama kwa mbali kama anayetazama ajali, na babake akala. Ugali ulikuwa mbichi katikati, na firigisi ilikuja imeungua, lakini ilikuja. "Chumvi ni kidogo," mzee alisema. "Hivyo hivyo. Usiongeze."

Siku ya kliniki ilipofika, Chelangat alipima presha, akapima tena, akabonyeza mguu. Shimo lilijaa kabla hajaondoa kidole vizuri.

"Imerudi nyuma," alisema. "Endelea hivyo hivyo, na bado tutakuangalia kila wiki. Ulitumia nini?"

Nyaruai aliwaza beseni, na kabichi, na thabai zilizokuwa bado juu ya kabati.

"Baba mkwe," alisema.

"Huyo anauzwa wapi?" Chelangat aliuliza, akiandika.

Mtoto alizaliwa mwezi wake ulipotimia. Alikuwa msichana, na alilia mpaka kina mama wa wodi nzima wakalalamika, na Nyaruai hakumnyamazisha, aliacha alie. Wageni walirudi Matisi kwa makundi, kila mmoja akieleza jinsi dawa yake ilivyofanya kazi. Kui alisifu chumvi, Jentrix kabichi, Nasike munyu. Nyaruai aliwashukuru wote, na safari hii alifanya hivyo akiwa ameketi.

Mzee Khisa alikuja wa mwisho. Nyaruai alikuwa amevaa viatu, vyeusi, vya kamera, saizi yake mwenyewe. Alimweka mtoto mikononi mwa Nasike, Nasike akampokeza mumewe, kwa kuwa ndivyo inavyofaa, naye Nyaruai akasimama mbele yao macho yakiwa chini. Mzee alimpakata mtoto, akatazama chini.

"Hiyo sasa ndiyo miguu yako," alisema.

Tone moja la chozi likaangukia kiatu cha kahawia cha kulia, juu ya rangi iliyokuwa imesuguliwa vizuri, kisha jingine. Nyaruai hakuruhusiwa kuinua macho, na hakuyainua. Alipiga magoti, akavua kitambaa chake cha kichwa, akakifuta kile kiatu.